Mama Besi na Gari la Maiti

Mama Besi hakuwa na mtoto anayeitwa Besi. Wanawe wawili walikuwa na majina ya heshima waliyorithi kwa bibi na babu, na walipokua walihamia mbali, mahali ambapo hakuna wa kuwauliza kama ni kweli mama yao ndiye yule anayetetemesha madirisha ya watu. Jina alipewa na mtaa, na mtaa haukumwomba ruhusa. Alikuwa fundi wa muziki wa magari. Ukitaka gari lako dogo lisikike kabla halijaonekana, ulikwenda kwake.

Hakuanza na spika. Alianza na cherehani. Alikuwa akishona viti vya magari, vile vilivyochanika hadi sponji linachungulia, chini ya paa la bati lililobanwa kati ya mwosha magari na mziba pancha. Mafundi wa muziki wa wakati huo walimletea maboksi yao ya mbao ya kukalia spika za besi ayavishe zulia, kwa sababu sabufa isiyo na zulia huonekana kama banda la kuku. Alivisha, akanyamaza, akavisha tena. Siku moja alikuwa amelikumbatia boksi akilibana zulia kwenye kona, na fundi mwenye mali akawasha muziki ili amringie. Mama Besi akahisi kaupepo kanampuliza tumboni.

"Boksi lako linajamba," akamwambia.

Fundi akacheka, akasema wanawake wana mambo. Yeye akalowesha kiganja kwenye ndoo ya mwosha magari, akakipitisha polepole kwenye maungio ya mbao, na pale kiganja kilipopata baridi akapiga alama ya chaki. "Hapa, hapa, na hapa pia. Besi yote inatokea nyuma. Mbele unasikia makombo tu." Fundi aliondoka na boksi lake amenuna. Mama Besi alibaki akikitazama kile kiganja, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amenunua msumeno.

Ndivyo alivyoingia. Alijifunza mbao kwanza, halafu nyaya, halafu zile amplifaya zenye joto la pasi, na alijifunza kwa kuharibu, kama wote. Baadaye alikuwa na kanuni zake na hakuwa na subira na anayezipinga. Waya mnene unatoka kwenye betri, na fyuzi inakaa palepale jirani na betri. "Ukiiweka kule nyuma," alikuwa akisema, "waya ukichunika njiani gari linaungua lote na fyuzi yako inabaki nzima, unaenda kuionyesha kwa majirani." Waya wa hasi unafungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae. Nyaya za muziki zinapita upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine, maana ukizilaza pamoja zinaanza kusengenyana, na wewe unasikia injini ikilia katikati ya wimbo wa mapenzi.

Zile namba kubwa za nguvu zilizoandikwa kwenye maboksi ya dukani hakuziheshimu hata kidogo. Alisema ni kama umri anaoutaja mtu anayetafuta mchumba.

Vijana walimpenda kwa sababu aliwatukana vizuri. Kijana anakuja na gari ambalo mlango umefungwa kwa kamba, anataka sabufa mbili. "Mwanangu, gari lako lina milango mingapi?" "Minne." "Inayofunguka?" Kijana anacheka, anakaa, anasubiri zamu yake. Na gari likishakuwa tayari, Mama Besi hakukaa kiti cha mbele kama mafundi wengine. Alisimama nyuma, akaweka kiganja juu ya buti, akafumba macho. Kama kibao cha namba kinapiga kelele, aliagiza muziki uzimwe. "Hiyo si besi, hiyo ni sufuria," anasema, na anachomeka kipande cha mpira nyuma ya kibao. Wengine walisikitika. Walidhani ile kelele ndiyo raha yenyewe.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Aliolewa na mtengeneza saa, mwanamume mpole aliyekuwa na meza yake dirishani na kioo cha kukuzia kilichombana jichoni kutwa nzima, hadi upande mmoja wa uso ukawa na mikunjo mingi kuliko mwingine. Mumewe alifanya kazi ya kusikiliza vitu vinavyosema polepole sana. Yeye alifanya kazi ya vitu vinavyosikika mtaa wa pili. Walielewana vizuri ajabu, labda kwa sababu jioni hakuna aliyetaka kusikia chochote.

Shida ilikuwa baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu. Alikuwa amestaafu zamani, lakini hakuna aliyemweleza jambo hilo akalikubali. Firimbi ilining'inia shingoni mwake saa zote. Mjukuu akikimbia sebuleni, firimbi. Mama mkwe akizidisha chumvi, firimbi, na mkono ukielekeza jikoni kama anayeagiza mpira wa kona. Walikaa nyumba moja, ya vyumba vilivyozunguka ua, na banda la Mama Besi lilikuwa nyuma ya ukuta wa ua huohuo. Kila alipowasha gari la mteja, vikombe vya mama mkwe viliimba kabatini, na dirisha la juu lilifunguka, na mtaa mzima ukasikia firimbi kali ya mtu aliyeona faulo mbaya.

"Hii si kazi," baba mkwe alikuwa akimwambia mwanawe, Mama Besi mwenyewe akiwa amekaa palepale. "Mimi nimekimbia uwanjani maisha yangu yote watu wakinizomea. Sijawahi kusikia kelele kama za mkeo."

"Nitamwambia, baba," mtengeneza saa alijibu, akageukia saa yake. Hakumwambia, na Mama Besi hakungoja kuambiwa.

Kilichompatanisha Mama Besi na mzee ni redio. Baba mkwe alikuwa na gari kuukuu lililoegeshwa uani, magurudumu yamelala, kuku wa jirani wameligeuza chumba cha kutagia. Lilikuwa haliendi popote, ila lilikuwa na redio, na ndani yake alisikilizia mechi, amefunga vioo, ili amtukane mwamuzi kwa uhuru. Mchana mmoja alisimama kwenye mlango wa banda, mikono nyuma, akitazama pembeni.

"Wewe mama," akasema. "Unajua redio, au unajua makelele tu?"

"Redio imefanyaje, baba?"

"Mtangazaji amemeza pipa. Simwelewi."

Alikwenda kuangalia. Ndani ya gari kulinuka kuku na mafuta ya kuchua. Spika zilikuwa zimechanika, sauti ya mtangazaji ikitoka nzito kama mtu anayeongea amefunikwa godoro. Alizitoa, akaweka spika ndogo za mlangoni, safi, na amplifaya ndogo chini ya kiti. Halafu akakaa kando ya mzee, bisibisi mkononi, akipunguza besi kidogo kidogo, na mzee akiwa ameinamisha kichwa.

"Bado ana mafua."

Akapunguza.

"Sasa amekuwa mwanamke."

Akarudisha.

"Hapo. Acha. Usiguse." Mzee alisikiliza kitambo. "Nasikia hata anavyomeza mate. Na huyo mwamuzi wao ni mwizi." Alimfukuza garini kwa mkono, kama anayemfukuza kuku, na hiyo ndiyo ilikuwa asante. Lakini tangu siku hiyo, firimbi ya dirishani ilipungua. Na mara kwa mara, kabla ya mechi kubwa, aliitwa aje amtibu mtangazaji, ingawa mtangazaji alikuwa mzima kabisa. Alikwenda kila mara. Alizungusha kitufe, akakirudisha palepale kilipokuwa, na mzee akasema hapo, acha, usiguse.

Ni katika kipindi hicho ambapo Bwana Pole alikuja na gari lake.

Bwana Pole alikuwa msafirisha maiti. Jina lilimpata kwa sababu alimpa pole kila aliyekutana naye, hata asiyefiwa, kwa uso wa mtu anayejua jambo ambalo wewe hulijui bado. Ukikohoa mbele yake, alikuuliza unakaa wapi. Gari lake lilikuwa refu, jeupe, na mapazia ya zambarau madirishani, na nyuma lilikuwa na jukwaa la mbao la kulaza jeneza. Alikuwa na uchungu. Mwenzake wa upande wa pili wa mji alikuwa ameweka taa za rangi kwenye gari lake, na watu walikuwa wameanza kumhama.

"Nataka muziki," akasema. "Kwaya. Isikike kutoka nyumbani hadi makaburini. Nataka hata waliozikwa zamani wageuke."

"Bwana, abiria wako hawasikii."

"Wanaolipa wanasikia."

Mama Besi alizunguka gari mara kadhaa, akiinama, akigonga mabati kwa kidole. Kazi ilimvutia, hawezi kukataa. Gari refu lina besi nzuri. Sauti nzito inataka nafasi ya kujinyoosha, na kwenye magari ya vijana ilikuwa ikijikunja kama mpangaji kwenye chumba cha chini ya ngazi. Tatizo lilikuwa mahali pa boksi. Mbele hapakuwa na nafasi, pembeni pangezuia wabebaji. Palipobaki ni chini ya jukwaa, moja kwa moja chini ya marehemu.

"Hapo hapo," Bwana Pole akasema. "Hatalalamika."

Alijenga boksi pana na fupi, akaliingiza chini ya jukwaa likakaa kama droo. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka spika nne za kawaida juu, karibu na mapazia, ili maneno ya nyimbo yasikike, maana kwaya isiyo na maneno ni mngurumo tu. Kisha akadai jeneza la majaribio.

"Sina jeneza la kuchezea," akasema Bwana Pole. "Yote yana wateja."

"Siwezi kujua gari linafanyaje likiwa na mzigo kama halina mzigo."

Mwishowe walipakia magunia ya mchanga, uzito wa mtu mzima aliyekula vizuri. Wakawasha. Kwaya ikajaa garini ikamwagika nje, mziba pancha akavua kofia bila kufikiri. Mama Besi akaweka kiganja juu ya mlango wa nyuma, akafumba macho. Hakuna kilichogonga. Magunia yalilala kimya. Alikuwa mwangalifu, na alifanya kila alichojua, na bado kuna jambo moja hakulikumbuka: gunia halina vishikio.

Baba mkwe alifariki alasiri, ndani ya gari lake, wakati wa mechi. Mama mkwe alikuwa akianua nguo kwenye kamba ya uani, na redio ikisikika kupitia vioo. Mtangazaji akapiga kelele kwamba mwamuzi amekataa penalti ya wazi. Mama mkwe alisimama na shati mkononi, akangoja tusi. Halikuja. Akatazama garini, akaliweka shati begani, akaenda kumwita mwanawe.

"Baba yako amekufa," akasema. "Mwamuzi amekataa penalti na yeye amenyamaza."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameegemea kioo, uso wake umekunjamana kidogo, kama mtu ambaye bado anaandaa neno. Mama Besi ndiye aliyeizima redio. Kidole chake kiligusa kitufe cha sauti kabla ya kile cha kuzimia, akakiacha kama kilivyo.

Katika siku zilizofuata hakulia. Kulikuwa na kazi nyingi, na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alifika na mabegi na amri. Wifi alikuwa mwanamke wa kupanga mambo. Alipanga viti, alipanga wageni, alipanga nani alie kabla ya nani. Aliposikia gari ni la Bwana Pole, lile lenye kwaya, alifurahi, kwa sababu hakuwa amejua ni nani aliyeufunga muziki huo. Alipojua, alimtazama Mama Besi kutoka juu hadi chini.

"Baba alizichukia kelele zako maisha yake yote," akasema. "Leo unataka kumlaza juu ya kelele hizohizo."

Mama Besi alitaka kumwambia habari za mtangazaji aliyemeza pipa, akaona ni hadithi ndefu na mdomo wake hauna nguvu. Mtengeneza saa akasema, "Dada, gari limeshalipiwa," na hilo likafunga mjadala kuliko ambavyo upendo ungeweza.

Safari ilikwenda vizuri. Barabara ilikuwa ya lami, kwaya ikaimba kwa adabu, watu kando ya njia wakasimama na kuvua kofia. Waamuzi wenzake wa zamani walitembea nyuma ya gari wamevaa suti nyeusi, wote wamenyooka migongo, kila mmoja akimtazama mwenzake kama ametoka nje ya mstari. Bwana Pole aliendesha polepole, na katika kioo Mama Besi aliona fahari ikimjaa shingoni.

Walifika langoni mwa makaburi. Gari likasimama, injini ikaachwa inanguruma, mlango wa nyuma ukafunguliwa, wabebaji wakajipanga. Wimbo nao ukafika mahali ambapo sauti nzito za wanaume zinaingia peke yake, chini kabisa, pale ambapo mtu husikia kwa mbavu kuliko kwa masikio.

Ndani ya gari, kutoka kwenye jeneza, kukabishwa hodi.

Ko, ko, ko. Kisha kitambo. Kisha ko, ko, ko tena, kwa bidii, kama mtu anayejua kuwa wenye nyumba mpo ndani.

Mbebaji wa kwanza alirudi nyuma akamkanyaga wa pili. Wa pili hakusubiri maelezo. Suti nyeusi zilitawanyika kwa kasi ambayo wale wazee hawakuwa wameionyesha tangu wastaafu. Kiongozi wa ibada aliingia nyuma ya jiwe la kaburi la mtu mwingine na kitabu chake kifuani. Wifi alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia navyo. Na aliyewatangulia wote, aliyeruka ua wa michongoma bila kugusa jani, alikuwa Bwana Pole, ambaye alikuwa amebeba maiti tangu ujana na hakuwahi kupata mmoja mwenye maoni.

Waliobaki ni watatu. Mtengeneza saa alibaki kwa sababu miguu ilikataa. Mama Besi alibaki kwa sababu alikuwa akisikiliza. Mama mkwe alibaki kwa sababu hakuona sababu ya kuondoka.

"Mama," mtengeneza saa akasema kwa sauti nyembamba. "Baba anapiga hodi."

Mama mkwe alitikisa kichwa. "Baba yako hajapiga hodi maisha yake yote. Alikuwa anaingia tu. Huyo siye."

Mama Besi alipanda garini, akapiga magoti kando ya jeneza, akaweka kiganja juu ya kifuniko. Mbao zilikuwa zikitetemeka taratibu chini ya mkono wake. Akanyoosha mkono mbele, akazima muziki. Ko ikakatika katikati.

Kimya kilichofuata ndicho kilichompata. Alikuwa anajua tangu hodi ya kwanza kwamba ni chuma kinachogonga mbao. Sikio lake lilikuwa limeshamwambia. Lakini sehemu nyingine ya mwili wake, ile isiyo na ufundi wowote, ilikuwa imesimama mlangoni ikisubiri mzee atoke aseme kwamba kuna faulo. Sasa kiganja kilikuwa juu ya mbao, na mbao zilikuwa kimya kabisa, na hapakuwa na mtu wa kumwambia hapo, acha. Akalia. Alilia vibaya, kwa makamasi, kichwa chake juu ya jeneza na makalio yake yakiwaelekea waombolezaji waliokuwa wakichungulia kwenye ua.

Mumewe alikuja akasimama mlangoni mwa gari. Alimshika kisigino, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Aliponyamaza, Mama Besi alijifuta kwa kitenge, akakikamata kishikio kimoja cha jeneza na kukitikisa. Kilikuwa cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu, kimening'inizwa kwenye pini mbili, kinacheza kama jino bovu. Vyote vilikuwa hivyo.

"Sufuria," akasema.

"Nini?"

"Vishikio. Vinagonga ubavuni besi ikishuka. Nipe ndala zako."

"Ndala zangu ni mpya."

"Mume wangu, nipe ndala."

Mtengeneza saa akazitoa kwenye mfuko aliochukua ili abadilishe viatu baada ya mazishi. Alikuwa pia na kisu chake kidogo cha kazi, kikali kama maneno ya dada yake, na mikono yake haikuwa na mshindani kwa kukata kitu kidogo kikae mahali padogo. Yeye alikata vipande vya mpira, mkewe akavichomeka nyuma ya vishikio. Walifanya kazi hivyo, mmoja kila upande wa jeneza, vichwa vyao vikikaribia kugusana juu ya mzee. Walikuwa wameoana muda mrefu na hawakuwahi kufanya kazi moja.

Watu walianza kurudi, mmoja mmoja, wakijipangusa magoti na kutazama angani kama waliokwenda kuangalia hali ya hewa. Wifi alirudi pekupeku.

"Zimeni hilo jambo kabisa," akasema. "Tumzike kwa amani. Mmetuaibisha vya kutosha."

"Limeshazimwa, wifi," akasema Mama Besi.

"Washa," akasema mama mkwe.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kaburi jirani, mkoba mapajani.

"Mama, watu wamekimbia."

"Wamerudi. Mimi nimekaa na mume aliyezima kila wimbo niliowahi kuupenda ili asikilize mpira. Leo hawezi kunyoosha mkono. Nataka kuusikia huu mpaka mwisho wake."

Mama Besi aliwasha. Kabla ya kupandisha sauti alifika kwenye amplifaya na kupunguza besi, kidogo, kidogo tena, hadi maneno ya wimbo yakatoka safi, kila mwimbaji na pumzi yake. Sauti nzito za wanaume zikashuka. Watu wote wakakodolea macho jeneza. Halikusema kitu. Wabebaji wakasogea, ingawa kwa miguu ya tahadhari, na baba mkwe akatolewa garini na kupelekwa alikokuwa akienda.

Wakati wa kurudi, ndani ya gari tupu, mtengeneza saa alianza kucheka. Ilianza kama kikohozi. "Unajua nilikaribia kusema nini?" akamuuliza mkewe. "Nilikaribia kusema karibu." Alicheka hadi akalia, na akalia hadi Bwana Pole, kule kwenye usukani, akampa pole kwa moyo wa kweli.

Bwana Pole mwenyewe alitaka mitambo yote ing'olewe. Michongoma ilikuwa imemchana suruali mahali pabaya na hadhi yake ilikuwa imechanika zaidi. Lakini kabla hajapata nafasi ya kulileta gari, watu wakaanza kumpigia. Walitaka lilelile, la yule mwamuzi aliyekataa kuzikwa. Mmoja aliuliza kama hodi ni bei tofauti. Alimjia Mama Besi na uso wa biashara, akaomba ushauri kuhusu vishikio.

"Nitakutilia mpira kwenye kila jeneza," Mama Besi akamwambia. "Hodi sikupi. Mtu mwenye moyo dhaifu akianguka pale, utakuwa na wateja wawili na kesi moja."

Alikubali kwa huzuni. Ungeweza kuona kwamba alikuwa amelifikiria.

Wifi alikaa muda mrefu bila kumsemesha. Baadaye alituma salamu kupitia kwa kaka yake, kwamba shimo la redio kwenye gari lake lipo wazi na kwamba hataki kelele, anataka kusikia taarifa ya habari tu. Mama Besi alimfungia vizuri kuliko alivyoagiza, na hakumwambia kuna sabufa ndogo chini ya kiti. Wifi husema gari hilo lina sauti ya asili.

Mama mkwe ndiye aliyebadilika. Nyumba ilikuwa kimya mno kwake, na mchana mmoja alizunguka ukuta, akaja bandani na kigoda chake, akaketi kati ya ndoo na rundo la zulia. Alisema anapumzika tu. Kesho yake akapumzika tena. Siku hizi wateja humpata yeye kwanza, kabla ya fundi, na hakuna anayempita bila kuhojiwa. Mama Besi akiwa chini ya dashibodi, miguu tu nje, husikiliza mahojiano hayo akiwa na skrubu mdomoni na hawezi kucheka.

Juzi alikuja kijana na gari lililoshushwa hadi linakwaruza matone ya mvua. Alitaka sabufa kubwa kuliko zote, isikike mitaa mitatu.

"Una mke?" mama mkwe akamuuliza.

"Bado, bibi."

"Mchumba?"

"Bado natafuta."

"Na huko mitaa mitatu, kuna msichana mmoja aliyekwambia anataka kukusikia?"

Kijana akafikiri kwa dhati. Mwosha magari aliacha kupangusa ili asikie jibu.

"Yupo mmoja," kijana akasema. "Lakini yeye anakaa mtaa wa nne."

Mama mkwe aligonga bodi ya gari kwa fimbo yake. "Mkwe wangu," akaita, "toka huko chini. Huyu anahitaji betri ya pili."